Mtambo Usivuke Mto: Sehemu ya Saba

Mlango wa lori ulikuwa unafunguka, msomaji wangu, na hapo ndipo pumzi zilipotukatika Jumamosi iliyopita.

Bernadette Dudek alikuwa amesimama katikati ya lango la kiwanda cha Ganley, mikono ameitanua, theluji imemjaa mabegani, pua ya lori ikibakiza kidogo tu imguse kifua. Nyuma yake wafanyakazi wenzake zaidi ya mia mbili walikuwa wakiimba. Dereva, aliyekuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, akaamua kuteremka.

Kwanza ulishuka mguu. Buti la kahawia, ubavuni limeshonwa kwa uzi mweusi.

Bernadette aliujua uzi ule. Aliushona yeye mwenyewe.

"Clyde?"

Dereva akavua kofia. Alikuwa mumewe.

Wimbo ulikatika kama redio iliyochomolewa waya.

"Uliniambia unakwenda Dayton," Bernadette alisema. Sauti ilikuwa ndogo, na wanaomjua wanajua kwamba hiyo ndiyo ya kuogopwa. "Uliniambia kuna kazi ya kuendesha basi la shule. Nimeamka nikakukaangia mayai, Clyde. Nimekufungia na mkate wa mchana!"

"Kazi ya basi walishampa mtu."

"Basi ndiyo ukaja kutubebea roho zetu?"

Clyde alitazama buti lake.

Kwa anayetufuata leo kwa mara ya kwanza, mambo yenyewe ni haya. Corvin ni mji mdogo wa Ohio, kando ya mto. Kiwanda cha Ganley hutengeneza mashine za kufulia nguo. Babu yake Bernadette alipoingia kazini hapo, king'ora cha zamu kikilia mji mzima ulikuwa ukisogea kwa pamoja, maelfu kwa maelfu. Baba yake alikuta nusu yao. Yeye amekuta robo, na robo hiyo nayo imeliwa mpaka wamebaki hawa waliosimama kwenye theluji.

Sasa wenye kiwanda wanataka kuuhamisha mtambo mkubwa, ule unaokunja bati la chuma likawa mwili wa mashine. Mtambo huo ukiondoka, kilichobaki Ganley ni kuta na choo. Ukibaki, yuko mnunuzi kutoka Kanada aliye tayari kukichukua kiwanda pamoja na watu wake. Ndiyo maana asubuhi hiyo wakili wa chama cha wafanyakazi alikuwa mbele ya jaji, akiomba amri kwamba kisitoke kitu. Na ndiyo maana Bernadette, makamu mwenyekiti wa chama, alikuwa langoni akiuchelewesha mzigo kwa mwili wake. Ng'ambo ya mto ni Kentucky, jimbo jingine. Mtambo ukishavuka daraja, jaji wa huku atakuwa anayapigia kelele maji.

Na aliyekabidhiwa kuuvusha ni Clyde Dudek.

"Msaliti!" mtu alipiga ukelele.

Kikombe cha kahawa kikaruka juu ya vichwa, kikampasukia Clyde kifuani. Hakujifuta. Alisimama tu, kahawa inamtiririka mpaka kwenye mkanda.

"Bernie!" Huyo alikuwa Orville Tatum, mwenyekiti wa chama, pande la mtu ambaye hajawahi kuhitaji kipaza sauti. "Mwambie mzee wako arudi nyumbani akatazame mpira! Akigusa usukani ule tena, mimi simjui!"

"Nyamaza wewe, Orville! Huyu ni wangu, nitamuua mwenyewe!"

Wengine walicheka, kicheko kisicho na furaha. Bernadette akamgeukia mumewe.

"Sema. Sema kitu."

"Niseme nini, Bernie?" Clyde hatimaye alifungua mdomo. "Kila kazi niliyoishika mjini hapa imenifia mkononi. Kiwanda cha vioo kimekufa nikiwa ndani. Lile duka kubwa la njia panda nalo likafa. Ghalani wakanitoa kwa sababu mgongo wangu hauendi na mwendo wa mashine yao. Asubuhi naogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, jioni nalinda maegesho yasiyo na magari. Meneja wa hapa akaniambia iko safari moja. Sikuuliza nyuma kuna nini."

"Hukuuliza!"

"Niliogopa kujibiwa."

Bernadette alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumfuta ile kahawa. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwani mlango mdogo wa ofisi ulifunguka na Whitcomb, meneja wa kiwanda, akatoka na koti lake refu la sufu, akitembea kwenye theluji kama anayeogopa kuikanyaga.

"Bi Dudek," alisema kwa upole. Whitcomb siku zote alikuwa mpole. Watu walikuwa wamefukuzwa kazi na upole ule. "Unajitesa bure. Ganley si Corvin, na Corvin si Ganley. Ajira katika mji huu zimepanda mwaka wa tatu sasa mfululizo. Hospitali inaajiri. Gereza linaajiri. Ghala linatafuta watu kila wiki."

"Linatafuta kila wiki kwa sababu linawachosha kila wiki."

"Takwimu ni takwimu, mama."

"Mume wangu huyu hapa," Bernadette alisema, akimnyooshea Clyde kidole, "katika hesabu zako ni watu watatu. Asubuhi mmoja, jioni mmoja, leo ameongezeka wa tatu. Haki ya Mungu, kwa nini ajira zisipande!"

Watu walipiga mayowe. Whitcomb akatabasamu, akatazama barabarani juu ya mabega yao, na tabasamu likapanuka.

Taa za bluu zilikuwa zinakuja.

Gari la sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, lilisimama pembeni mwa lango. Naibu mmoja tu, yaani askari wake, akashuka, msichana mrefu, nywele amezibana nyuma, mkono uko kwenye mkanda. Orville Tatum akatukana chini chini, kisha akamwonea Bernadette huruma, akatazama kwingine.

Alikuwa Tessa. Binti yao.

Miezi minane tu tangu avae sare ile. Siku aliyoivaa, Bernadette alilia kwa furaha jikoni mpaka akaunguza kabichi, kwa kuwa wenzake Tessa aliomaliza nao shule walikuwa wamekimbilia miji mingine, na waliobaki walikuwa na mahali patatu pa kwenda: gerezani kulinda wafungwa, hospitalini kusukuma vitanda, au kwa sherifu. Tessa alipata kwa sherifu. Mshahara wa kila mwezi. Bima ya matibabu. Mama gani asingelia?

Sasa alimwona binti yake akisimama mbele yake, macho yakikwepa.

"Mama," Tessa alisema. "Naomba utoke langoni."

"Umetumwa wewe? Katika manaibu wote wa kaunti hii, wamekutuma wewe?"

"Wengine wako kwenye shughuli nyingine. Mama, tafadhali. Ukikataa itabidi nikukamate." Kisha akamwona dereva, na uso ukamshuka. "Baba? Baba, wewe unafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi, mwanangu," Clyde alisema.

Basi, msomaji, itazame familia hiyo. Mama amezuia lango. Baba ameshika ufunguo wa lori. Binti ana pingu kiunoni. Na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kurudi nyuma hatua moja bila kuwakanyaga wawili waliobaki.

"Clyde, rudi garini," Whitcomb alisema. "Naibu, fanya kazi yako."

Clyde alimshika mkewe mkono kwa nguvu, kama anayemburuta pembeni. Watu wakazomea. Lakini mdomo wake ulikuwa sikioni mwa Bernadette.

"Lori jepesi," alinong'ona.

"Nini?"

"Nimelitoa karakana mpaka hapa langoni. Kwa mzigo wa uzito ule lingekuwa linanguruma kama ng'ombe anayezaa. Hili linaruka kama mkokoteni mtupu. Bernie, nyuma hakuna mtambo."

Bernadette alimtazama machoni. Miaka ishirini na sita ya ndoa. Alijua Clyde akidanganya hukuna shingo. Sasa mikono yote miwili ya mumewe ilikuwa imemshika yeye.

Alijichomoa, akakimbia.

Hakukimbilia lango. Alikimbilia trela. Kabla mtu hajaelewa alikuwa amekanyaga gurudumu, amejivuta juu, na anapanda turubai kwa magoti.

"Mshusheni!" Ule upole wa Whitcomb ulipasuka kwa mara ya kwanza. "Hiyo ni mali ya kampuni! Naibu! Mkamate huyo mwanamke!"

Bernadette akaingiza mkono chini ya turubai mpaka begani. Alipapasa. Mbao. Mbao nyingine. Kitu cha bati, duara, chepesi, kimepondeka: pipa la mashine mbovu ya kufulia, la kutupwa. Akapapasa zaidi, akazidi kuomba kimoyomoyo kwamba vidole vyake viguse chuma kile kikubwa na baridi alichofanya nacho kazi maisha yake yote.

Mapipa mabovu na mbao. Basi.

Tangu alfajiri walikuwa wamesimama kwenye baridi, wameziba njia ya takataka.

Wakati huo huo, simu ya Orville ikalia.

Watu mia mbili walimgeukia. Orville alisikiliza, kidole kimoja kimeziba sikio la pili. Kisha akarusha kofia yake hewani.

"Jaji amekubali! Tumeshinda! Hakuna kitakachotoka Ganley! Hata msumari!"

Ee, kelele zilizopigwa hapo! Watu walikumbatiana. Wanaume wenye mvi walilia kama watoto. Boksi la maandazi ya sukari likapitishwa juu ya vichwa, mtu akaanza tena wimbo, wengine wakamwinua Orville, wakashindwa, wakaanguka naye kwenye theluji wakicheka.

Juu ya trela, mkono wake bado uko chini ya turubai, Bernadette hakuwa anamtazama Orville. Alikuwa anamtazama Whitcomb.

Whitcomb alikuwa anapiga makofi.

"Hongereni," alisema, taratibu, kama mwalimu mkuu. "Sheria ni sheria. Walinzi, fungeni lango. Jaji amesema kisitoke kitu, basi lori hili nalo halitoki. Na dereva atabaki nalo mpaka likaguliwe."

Mageti ya chuma yakaanza kusogea. Clyde alibaki upande wa ndani, kahawa imeganda kifuani, akitazama nafasi inavyopungua mpaka ikaisha. Rafiki zake wa zamani, waliokuwa upande wa pili, walimpigia vikombe kwenye nondo.

"Kaa humo, Clyde! Ulitaka kazi, si umeipata!"

Bernadette angeweza kupiga ukelele pale pale. Maneno yalikuwa tayari kooni: *wametudanganya, mtambo umekwenda*. Lakini alimtazama mumewe nyuma ya nondo. Nani angeamini kwamba Clyde hakujua? Wangelivunja lango wamfikie. Na akinyamaza? Akinyamaza, watakula maandazi huku mtambo unavuka mto.

Alikuwa hajakata shauri, mkono ukamgusa mguu. Tessa alikuwa amepanda nyuma yake.

"Mama, shuka."

"Tessa, humu ndani hakuna kitu."

"Najua," Tessa alisema.

Neno dogo hilo lilimwingia Bernadette kuliko baridi yote ya siku ile.

"Unajua?"

"Usipandishe sauti. Mama, nakuomba, usipandishe sauti." Machozi yalikuwa yanamlenga. "Alfajiri tuliambiwa tusindikize mzigo mpana. Lori lilitokea mlango wa zamani wa reli, kule nyuma. Niliwasha taa, nikatangulia mbele. Sikuambiwa ni nini. Tulipofika kwenye mataa nikaliona umbo lake chini ya turubai. Nimeuona mtambo ule tangu nikiwa mtoto, nikija kukuletea chakula. Nikaendelea kuendesha. Niliendelea tu kuendesha, mama."

"Umevuka?"

"Bado. Mzigo mpana haupiti darajani mpaka wa Kentucky waje kuupokea upande wao. Umeegeshwa kule chini, karibu na mizani ya malori."

"Basi tuwaambie watu! Orville atawafikisha..."

"Mkipiga kelele, Whitcomb atapiga simu, na dereva atavuka bila kumngoja mtu. Halafu watauliza nani aliyesema." Tessa alimeza mate. "Mimi ndiye niliyesema. Nikifukuzwa hapa, nitakwenda wapi? Gereza halichukui aliyefukuzwa na sherifu. Nitakwenda ghalani kama baba? Mtazame baba, mama. Mtazame."

Bernadette hakumtazama. Hakuhitaji.

Chini, Whitcomb alikuwa ametoa saa yake mfukoni, anaiangalia, anairudisha.

Ndipo wazo likamjia. Lilimjia zima zima. Akageuka, akamnyooshea binti yake mikono yote miwili, viganja juu.

"Nikamate."

"Mama?"

"Si umeagizwa unikamate? Nikamate. Nitie garini. Hakuna atakayeuliza naibu anampeleka wapi mtu mwenye pingu. Tukifika njia panda, kituo kiko kushoto na mto uko kulia. Mimi sikwambii kitu mbele za watu na wewe huniambii kitu. Wewe pinda kulia tu. Nikifika pale nitajilaza chini ya magurudumu ya lori lile mpaka amri ya jaji ifike. Wewe utasema nilikutoroka."

Tessa alimtupia macho Whitcomb. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alifungua pingu, akamfunga mama yake, na mikono yake ilikuwa baridi kuliko chuma chenyewe.

Walinzi waliwatoa kwa kilango cha pembeni, na nje ya lango furaha iligeuka ghadhabu.

"Tumeshinda halafu unamfunga mama yako?" Orville alinguruma, theluji bado iko ndevuni. "We binti, huna haya?"

"Mwache, Orville!" Bernadette alimkaripia. "Anafanya kazi yake. Mwacheni apite!"

Nyuma ya nondo Clyde aliita jina la mkewe, kisha jina la binti yake. Bernadette akamtikisia kichwa: nyamaza. Clyde akanyamaza. Aliganda pale pale, vidole amevipitisha kwenye nondo, mpaka gari lilipogeuza.

Kiti cha nyuma kilikuwa cha plastiki ngumu. Kati yake na binti yake kulikuwa na wavu wa chuma. Bernadette aliona kisogo tu, nywele zilizobanwa vizuri, na macho yaliyompita haraka kwenye kioo.

Walipita maduka yaliyozibwa mbao. Walipita nyumba ya wazee, ambako mama yake Bernadette alikuwa dirishani kama kila mchana, hamtambui mtu. Wakapita mtaa wao wenyewe, bango la nyumba inauzwa hapa, jingine pale, jingine mbele yake, na hakuna mnunuzi aliyekuja tangu kiangazi.

"Unaendesha vizuri," Bernadette alisema, apate tu la kusema.

Tessa aliongeza mwendo.

Redio ya gari ikakoroma. Sauti ya sherifu mwenyewe ikatoka: "Magari yote. Wa Kentucky wamefika daraja. Mzigo unaanza kutoka sasa hivi. Tessa, uko wapi?"

Mkono wa Tessa ulielea juu ya redio. Haukuigusa.

Njia panda ikatokea. Taa ilikuwa nyekundu. Gari likasimama. Kulia, chini kabisa mwa mteremko, mto ulionekana, wa kijivu, na vyuma vya daraja juu yake.

Tessa akawasha taa ya kupinda. *Tik, tik, tik.* Kulia.

Bernadette alishusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu langoni. Akaegemeza paji la uso kwenye wavu. "Mungu akubariki, mwanangu."

"Tessa, uko wapi?" redio ilirudia. "Jibu. Kama hukuitaka hii kazi, wako arobaini wanaoisubiri."

Taa ikawa ya kijani.

Gari halikusogea. Nyuma mtu alipiga honi. Bernadette aliona mabega ya binti yake yakipanda, yakashuka. Kisha kidole kikazima ile taa ya kupinda.

Tessa akazungusha usukani. Kushoto.

"Tessa! Tessa, si huko!"

"Nampeleka mtuhumiwa kituoni," Tessa aliiambia redio, kwa sauti ambayo Bernadette hakuwahi kuisikia. Akairudisha mahali pake. Ndipo akatazama kioo, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi.

"Mama, si wewe uliyeniambia? Siku ile jikoni, ukinishonea vifungo vya sare. Ukaniambia kazi ukiipata Corvin, ishike kwa meno. Hata wakikukata mikono, usiiachie."

Bernadette alijirusha kwenye mlango. Kwa mikono yake miwili iliyofungwa alipapasa plastiki juu, chini, pembeni, akitafuta kitasa.

Milango ya nyuma ya gari la sherifu haina kitasa upande wa ndani.

Na kule walikokuwa wanakupa kisogo, kutoka upande wa daraja, honi nzito ya lori ililia mara mbili.